Barua kutoka Homa Bay: Kontena Likishavuka Makupa

Mjomba,

Mimi ni mzima, ila mvua imenyesha usiku kucha na umeme umekatika, ndiyo maana naandika kwa kalamu. Nipo Homa Bay, kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, ziwa liko mbele yangu na kilima cha Asego mgongoni.

Ulisema pale barazani, mbele ya watu, kwamba meli za makontena ndizo zinazoichafua dunia, na kwamba moshi wa meli moja pale Likoni unatosha kumtia mtu kikohozi cha mwaka. Sikukubishia. Nani ambishie mtu aliyekuwa karani wa mizigo bandarini Kilindini tangu siku za magunia na kulabu? Lakini kazi yako, Mjomba, iliishia getini. Kontena likishavuka daraja la Makupa hukujua linakwenda kumfanyia nani nini. Basi mimi nimelifuata mpaka huku mwisho wa nchi, na ninayo ya kukuambia.

Nianze na Migori. Basi la usiku kutoka Nairobi lilitushusha alfajiri karibu na daraja la mto, na kitu cha kwanza nilichokiona kwa mwanga wa taa kilikuwa kontena. Halikuwa juu ya trela. Lilikuwa chini, limekatwa mlango ubavuni, limepakwa rangi ya kijani ya kampuni ya simu, na ndani kijana anapokea na kutoa pesa. Jirani yake lilikuwa kinyozi. Mbele kidogo, ghala la saruji. Wewe umeyahesabu yakishuka melini kwa maelfu. Mimi nimeyakuta uzeeni. Namba zao bado zinasomeka chini ya rangi, herufi nne na tarakimu saba, kama ulivyonifundisha nikiwa mdogo. Mwenye duka la vipuri vya pikipiki aliniambia kontena kuukuu ni bora kuliko jengo la mawe, kwa sababu mwenye kiwanja akikufukuza unaita trela unaondoka na duka lako likiwa na bidhaa ndani.

Migori ni mji wa barabara. Inaingia kutoka Kisii na Rongo, inapita katikati ya soko, inateremka mpaka Isebania, na ukivuka mpaka uko Sirari, Tarime, halafu Musoma na Mwanza. Malori yanapita mchana na usiku. Utasikia Kijaluo, Kikuria, Kisomali, Kiswahili cha Tanzania chenye adabu na Kiswahili cha makanga kisicho na adabu hata chembe. Nilitarajia kuona makontena mengi juu ya matrela, nikashangaa kuona machache. Sababu niliipata kwa mfanyabiashara wa mitumba. Mzigo wake unatoka Mombasa, ndiyo, lakini kontena lenyewe hufunguliwa Nairobi au hukohuko pwani, marobota yakapangwa kwenye lori la kawaida. Kontena ni mali ya kampuni ya meli, na lisiporudi kwa wakati kila siku ina faini yake. Nani alete sanduku la chuma mpaka Migori halafu alilipie lirudi tupu?

Nilisema machache, si kwamba hayapo. Kwenye hoteli moja ya barabara ya Isebania nilikaa meza moja na dereva wa trela, na nilipomsikia akiagiza chai ya maziwa "isotiwa sukari" nikajua huyu ni wetu. Ametokea Changamwe. Amebeba kontena la futi 40, vigae ndani, kutoka China. Tukala ugali na samaki, nami nikamchokoza kwa hesabu.

Akaniambia trela likijaa, lita moja ya dizeli inakwenda kilomita mbili, ukiwa na bahati na milima ya Narok ikikuonea huruma. Likiwa tupu, lita inakaribia kilomita tatu. Kutoka Mombasa hadi Migori ni kama kilomita 850. Kwa hiyo kuja ni lita 425, kurudi ni kama lita 300, jumla 725. Sasa lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Najua utauliza vipi lita isiyofika hata kilo moja izae kilo karibu tatu. Kaboni iliyo ndani ya mafuta hujishika na oksijeni ya hewani, na uzito wa oksijeni hiyo huingia hesabuni. Zidisha. Safari ya lori kwenda na kurudi ni karibu tani mbili za hewa ya ukaa kwa kontena moja.

Baharini je? Kutoka Shanghai hadi Kilindini ni karibu kilomita 12,000. Meli kubwa ya makontena, kwa kadirio la wanaofanya hesabu hizi, hutoa kama gramu 10 kwa kila tani moja kwa kila kilomita moja. Zipo meli zinazotoa chache zaidi, na zipo mbovu zinazotoa nyingi, lakini tushike 10. Kontena la tani 25, mara kilomita 12,000, ni tani tatu.

Tani tatu kutoka China, Mjomba. Tani mbili kutoka kwako Mombasa mpaka Migori na kurudi. Bahari nzima ya Hindi, mlango wa Malaka na Bahari ya China Kusini kwa upande mmoja. Mtito Andei, Narok na Kisii kwa upande mwingine. Na mizani inakaribia kulingana. Dereva aliiangalia karatasi niliyoandikia, akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye meli," akaagiza chai nyingine.

Hii haina maana meli ni malaika. Usafirishaji wa baharini hutoa karibu asilimia tatu ya gesi zote zinazoipasha dunia joto, na meli hizo zingekuwa nchi moja, zingekuwa miongoni mwa nchi kubwa kwa uchafuzi. Mafuta yao ni yale mazito yanayobaki chini baada ya petroli na dizeli kutolewa. Mwezi Julai 2023, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, lenye makao yake London, lilikubaliana kwamba kufikia mwaka 2050 au karibu na hapo meli zisiongeze tena gesi hizo angani, na kufikia 2030 ziwe zimepunguza angalau asilimia 20 zikilinganishwa na 2008. Mwaka huohuo Laura Mærsk ikatiwa majini, meli ya kwanza ya makontena inayoweza kutumia methanoli badala ya mafuta hayo. Hiyo ni meli ndogo, hubeba makontena kama 2,000 tu, lakini njia imefunguliwa. Kisha ikaja hoja ya kuzitoza meli ada kwa gesi zinazotoa. Aprili 2025 waliipitisha kwa hatua ya kwanza, na Oktoba, ilipotakiwa kuthibitishwa, Marekani na nchi nyingine zikaipinga kwa nguvu na uamuzi ukasogezwa mbele mwaka mzima. Kwa hiyo usingoje methanoli ifike Kilindini wiki ijayo.

Nasema tu kwamba wakubwa wakibishana London kuhusu mafuta ya meli, sisi tuna kazi ambayo haihitaji methanoli wala mkutano. Ni ya barabara, reli na ziwa. Na huku ziwani kazi hiyo iliwahi kufanywa.

Kutoka Migori nilipanda matatu kuja Homa Bay. Ukipita Awendo unanusa kiwanda cha sukari cha Sony kabla hujakiona, na matrekta ya miwa yanakulazimisha kwenda mwendo wa mazishi. Makapi ya miwa huchomwa kuchemsha maji ya kiwandani, na methanoli inaweza kutengenezwa kwa mabaki ya mimea kama hayo. Sisemi kiwanda cha Awendo kitalisha meli, usije ukanirukia. Lakini abiria mwenzangu, mwalimu wa sayansi, alilitafakari jambo hilo mpaka Rongo bila kusema neno. Kutoka Rongo tukakata kushoto kuelekea Rodi Kopany, na baada ya hapo barabara inashuka, joto linapanda, na ziwa linajitokeza ghafla.

Gati la Homa Bay lipo. Nimeenda kulitazama mara tu nilipoweka mkoba. Ungelipenda, maana ni la enzi zenu. Wakati reli ya Uganda ilipofika Kisumu, Desemba 1901, mpango wake haukuwa kuishia hapo. Treni ilishusha mzigo gatini na stima zikauchukua: Kendu Bay, Homa Bay, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Stima ya kwanza, SS William Mackinnon, ilitengenezwa Scotland na kuletwa Mombasa ikiwa vipande, na kwa kuwa reli ilikuwa haijafika, sehemu yake ilibebwa vichwani na wapagazi kutoka pwani mpaka ziwani, ikashushwa majini mwaka 1900. Meli iliyopanda milima ya Mau juu ya vichwa vya watu! Baada yake zikaja Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga, na moja ikaitwa Rusinga, kisiwa ambacho kiko hapa mlangoni.

Halafu miaka ya 1960 ikaja MV Uhuru, ambayo ilikuwa na akili zaidi. Haikuhitaji mzigo ushushwe. Mabehewa 22 ya treni yaliingia ndani yake kwa reli, yakavuka ziwa, yakatoka upande wa pili kwa reli. Safari moja ni zaidi ya tani elfu moja, yaani kazi ya malori yapata 40. Kontena lingeweza kutoka Kilindini likafika Uganda bila kuonja lami.

Nini kilitokea? Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na meli zikagawanywa kama vyombo vya mke na mume waliotalakiana. Reli zikazeeka. Gugumaji likaziba ghuba hii ya ziwa, wakati mwingine kiasi kwamba meli haitoki Kisumu. Malori yakaja na kuchukua kila kitu, maana lori linafika mlangoni na halingoji ratiba. MV Uhuru ikalala miaka mingi Kisumu, mpaka ilipoamshwa mwishoni mwa 2019. Sasa ina mdogo wake, MV Uhuru II, iliyojengwa Kisumu na Kenya Shipyards kwa msaada wa Waholanzi wa Damen, yenye uwezo wa tani 1,800. Hizo zote zinaelekea Uganda zaidi. Homa Bay inazisikia tu.

Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu gatini alinionyesha mahali maji yalipofika mwaka 2020. Mwaka ule ziwa lilipanda kuliko kumbukumbu zote, likapita hata rekodi ya 1964. Fukwe zilizama, vyoo vikazama, mabanda ya samaki yakazama. Mvua zile za mwisho wa 2019 zilitokana na Bahari ya Hindi, upande wetu, kupata joto kuliko upande wa Indonesia. Kwa hiyo bahari yetu ndiyo iliyolijaza ziwa la watu hawa. Mzee hakuhitaji nimfafanulie. Alisema maji yakipanda hayaulizi nani aliyeyapasha moto.

Sasa nikueleze la samaki, ambalo lilinitoa usingizini.

Hapa sokoni utapata ngege wa ziwa, yaani tilapia, mbuta, yaani sangara, na omena, yaani dagaa, waliokaushwa juani. Na kwenye friza za maduka, Mjomba, utapata ngege waliotoka China. Ndiyo, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Wamegandishwa, wamepangwa kwenye katoni, wamekuja kwa kontena la friji, wameshuka pale kwenu na kupanda lori. Mwaka 2018 ilikuwa kelele ya nchi nzima, Rais Kenyatta akataka waagizaji wazuiwe. Mama mmoja anayeuza wa aina zote mbili aliniambia kwa utulivu kwamba mteja mwenye shilingi mia mbili hana nafasi ya kuuliza samaki alizaliwa wapi.

Nilikasirika kwa niaba ya dunia. Samaki kuvuka bahari kuja ziwani! Lakini nikafanya ile hesabu yangu ya hotelini, na hasira ikanishuka. Kilo moja ya samaki kutoka China, kwa meli, ni kama gramu 120 za hewa ya ukaa. Ongeza umeme wa friji njiani, sema 200. Ongeza lori, unakaribia 300. Haifiki hata nusu kilo. Sasa chukua mbuta wa hapa, yule ambaye minofu yake inapakiwa ikiwa mibichi juu ya barafu na kupandishwa ndege Nairobi kwenda Ulaya. Ndege ya mizigo hutoa zaidi ya gramu 500 kwa tani kwa kilomita, na Ulaya Magharibi iko karibu kilomita 6,500. Kila kilo ya minofu hiyo inabeba kilo tatu au nne za hewa ya ukaa. Mara kumi ya yule Mchina tuliyemtukana! Angegandishwa huyo mbuta na kutumwa kwa kontena la friji kupitia Mombasa, kama wengine wanavyofanya, tungekuwa tunazungumza gramu tu.

Kwa hiyo kama kuna mtu anapaswa kupigiwa makofi hapa, ni friji lako la baharini. Na hata hilo linaweza kupunguzwa. Samaki na nyama husafirishwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na tangu 2023 baadhi ya kampuni za bandari na meli zimekuwa zikifanya kampeni baridi ipunguzwe ibaki nyuzi 15 chini ya sifuri, kwa hoja kwamba chakula hakiharibiki na umeme unaookolewa duniani kote ni mwingi mno. Nyuzi tatu tu. Ukisikia habari hizo bandarini usizicheke.

La kumwondoa ngege wa China sokoni ni bei, na bei inaanza kujibiwa. Kule Roo, upande wa Suba, kampuni ya Victory Farms inafuga ngege kwenye vizimba ndani ya ziwa, na sasa ni miongoni mwa wafugaji wakubwa wa samaki barani. Samaki wake anafika Homa Bay kabla barafu haijayeyuka. Wapo wavuvi wanaolalamika kuhusu vizimba, kwamba vinachafua maji na kuchukua nafasi, na malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Lakini kwa hesabu ya moshi, ngege wa Roo anamshinda yule wa China bila jasho.

Jana nilikwenda Mbita. Pale kwenye mlango kati ya Mbita na Rusinga miaka ya 1980 walijaza mawe na udongo wakafanya barabara, wakaziba mkondo wa maji, na miaka mingi baadaye ikabidi waifungue na kujenga daraja. Maji sasa yanapita. Nilivuka hadi Rusinga nikazuru kaburi la Tom Mboya, nikasoma fatiha yangu kimyakimya ingawa hakuwa wa dini yetu, halafu nikarudi gatini kutazama feri inayovuka ghuba kwenda Luanda Kotieno. Hiyo feri, Mjomba, ndiyo hoja yangu yote kwa umbo dogo. Gari linalotoka Mbita kwenda upande wa Bondo bila feri huzunguka ghuba nzima: Homa Bay, Kendu Bay, Ahero, Kisumu, halafu Siaya. Kwa feri linavuka maji na liko ng'ambo. Hakuna teknolojia mpya hapo. Ni pantoni na injini.

Kisha nikapanda boti ya kwenda Mfangano, ya mbao, ndefu, imepakiwa soda, saruji, unga, magodoro, kuku wawili na sisi. Injini ya nje ya petroli, ile inayochanganywa na oili, ikatoa moshi wa buluu mpaka machozi. Nahodha, ambaye wao humwita koksweni, alikuwa mtu wa makamo, mtulivu, anayeendesha taratibu kuliko nilivyotaka. Nikamuuliza kwa nini hakazi. Akasema akikaza, petroli inakwisha kabla ya Mfangano na nauli yote anamwachia muuza mafuta.

Nilitamani uwe pale. Hiyohiyo ndiyo siri kubwa ya meli za makontena! Maji hayapendi kusukumwa haraka. Ukipunguza mwendo wa meli kwa asilimia 10, nguvu inayotakiwa inashuka kwa zaidi ya robo. Safari inarefuka kidogo, lakini mafuta ya safari nzima yanapungua kwa karibu asilimia 19. Baada ya uchumi wa dunia kuanguka 2008, kampuni za meli zilianza kwenda polepole ili ziokoe mafuta, na bila kukusudia zikaokoa hewa. Halafu mwishoni mwa 2023, Wahouthi wa Yemen wakaanza kushambulia meli Bahari Nyekundu, nyingi zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuongeza mwendo ili zisichelewe. Mafuta mengi yakachomwa tena. Koksweni wa Mfangano anajua jambo hili bila chati.

Njiani tulipishana na mashua za omena zikirudi na matanga. Tanga la pembetatu, lilelile la majahazi yetu. Watu wa pwani walikuwa na majahazi yao kwenye ziwa hili tangu karne ya 19. Na usidhani tanga limepitwa na wakati. Agosti 2023 meli ya shehena iitwayo Pyxis Ocean iliondoka China kwenda Brazil ikiwa na matanga mawili magumu, kila moja lina urefu wa mita 37.5, yanajigeuza yenyewe kufuata upepo. Babu yako wa Faza angewauzia walioyajenga wazo hilo kwa nazi mbili.

Mabadiliko yameanza huku kwa upande wa omena. Zamani usiku wa giza ziwa lilikuwa na karabai elfu kwa elfu, za mafuta ya taa, kuwavuta omena. Sasa taa nyingi ni za betri zinazochajiwa kwa jua. Kampuni ya WeTu, iliyoanzishwa 2019 na Siemens Stiftung, hukodisha taa hizo kwenye fukwe za upande huu. Na pale Mbita na Rusinga injini za umeme zimeanza kuonekana kwenye boti. Hununui, unakodi, na betri ikiisha unabadilishiwa. Nilimuuliza koksweni kama angeichukua. Akasema kwa kuvuka kwenda Rusinga au Takawiri, leo hii. Kwa Mfangano na mzigo, atangoja kidogo, kwa sababu upepo wa alasiri ukiamka katikati ya ziwa mtu hataki kuangalia asilimia ya betri. Naona ana haki. Meli kubwa nazo zina tatizo hilohilo: betri inatosha kwa safari fupi, bahari kuu inataka kitu kingine.

Kwa hiyo, kama ningepewa ukubwa kwa siku moja, nisingeanza na boti wala meli. Ningeanza na ule mzigo wa watu zaidi ya milioni mbili wa Migori na Homa Bay, vigae, mitumba, vipuri, mbolea, uje kwa reli mpaka Kisumu na uvuke ghuba mpaka gati la hapa, halafu malori yafanye kilomita 80 badala ya 850. Utasema hakuna mzigo wa kutosha wa kujaza meli. Barua hii isingefika mwisho kama ningekubishia hilo. Mzigo wa kuja upo. Wa kurudi ndio haba, na meli isiyo na mzigo wa kurudi ni hasara kama trela la yule dereva.

Na hapo ndipo ninapokuomba msaada. Mwenye vile vigae alivyobeba dereva, mtu wa Migori, anataka kujaza kontena lake badala ya kulirudisha tupu. Ana wazo la mawe ya kuchonga ya Tabaka, pale karibu na Kisii. Vinyago na sahani ambazo tayari hupelekwa Ulaya na Marekani kupitia Mombasa, lakini watu wanazipeleka pwani kwa lori jingine kabisa, huku makontena matupu yanapita mlangoni mwa wachongaji. Niulizie kwa wenzako walio bado kazini: kampuni ya meli inatoa ruhusa ya kupakia huku bara kabla kontena halijarudi bohari? Dhamana inakuwaje? Siku za bure ni ngapi? Na je, wakilikuta na vumbi la mawe ndani wanamtoza ada ya kuosha? Amenipa namba yake, na amesema akipata majibu kabla ya mwisho wa mwezi atajaribu na moja.

Wasalimie wote, na umwambie mama omena nitamletea, waliokauka vizuri, si wale wa kunuka.

Wasalaam,
Mwanao wa safari